Kwa nini Mungu hakusamehe tu? Pasaka na upendo wa Mungu

Ijumaa Kuu moja tulikuwa tunarudi kutoka ibadani kwa miguu, mvua imekatika muda si mrefu, na binti wa kaka yangu alikuwa amenyamaza njia nzima. Wakati ule alikuwa na miaka tisa, na kunyamaza si kawaida yake.

"Shangazi," akasema tulipofika darajani, "kama Mungu anatupenda, kwa nini asisamehe tu? Baba akinisamehe mimi, hamchapi Dada."

Nikamjibu yale niliyofundishwa darasa la kipaimara: dhambi ni deni, deni lazima lilipwe, Yesu akalilipa. Akasema "sawa" kwa adabu, ile sawa ya mtoto aliyekwisha kuona kwamba mkubwa hana jibu. Swali lake nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku hiyo. Baadaye niligundua kwamba watu wazima wengi wanalo, ila wanaona haya kulitoa. Majirani zetu Waislamu nao hutuuliza lilelile, na wana haki ya kuuliza: Mungu aliye mwingi wa rehema, damu ni ya nini?

Haya ndiyo ningemjibu leo. Ni marefu kuliko njia ya kutoka kanisani hadi darajani.

Kipi kilitangulia

Wengi wetu tumesimuliwa hivi: Mungu alikasirika, akainua mkono atupige, Yesu akajitupa katikati, pigo likamwangukia yeye, Mungu akapoa, na baada ya kupoa ndipo akaanza kutupenda. Ni hadithi inayokaa kichwani kirahisi. Shida yake ni kwamba imepanga mambo kinyume na yalivyoandikwa.

Mstari ambao kila mtoto wa Sunday school anaujua kwa moyo unasema: "Kwa maana jinsi hii Mungu aliupenda ulimwengu, hata akamtoa Mwanawe pekee" (Yohana 3:16). Tunausoma haraka kiasi kwamba hatusikii mpangilio wake. Kwanza alipenda, kisha akatoa. Msalaba haukuununua upendo wa Mungu. Upendo ndio uliofika msalabani. Paulo anaeleza lilelile kwa Warumi: Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi". Na Yohana katika waraka wake wa kwanza anakata mzizi wa fitina: "Hili ndilo pendo, si kwamba sisi tulimpenda Mungu, bali kwamba yeye alitupenda sisi."

Lipo na neno "upatanisho". Ukimwuliza muumini wa kawaida nani alipatanishwa na nani, atakwambia Yesu alimpatanisha Mungu na sisi, kama mshenga anayekwenda kumbembeleza baba mkwe aliyenuna. Sasa soma 2 Wakorintho 5:19: "Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake." Aliyenuna ni ulimwengu. Aliyetoka nyumbani kwake kwenda kutafuta suluhu ni Mungu mwenyewe.

Hapo ndipo mfano wa yule mtoto unapochechemea, ingawa kosa si lake, ni letu tuliomfundisha. Katika picha yake wako watu watatu: baba, mtoto mkosaji, na dada asiye na hatia anayechapwa. Kama Ijumaa Kuu ingekuwa hivyo, ingekuwa dhuluma, na hakuna nyimbo za kwaya zitakazoitakasa. Lakini imani ya Kanisa tangu mwanzo haina huyo mtu wa tatu. Aliyetundikwa ni Mungu aliyefanyika mwanadamu, na hakuburuzwa: "Hakuna mtu aniondoleaye, bali mimi nautoa mwenyewe," alisema juu ya uhai wake. Aliyekosewa ndiye aliyebeba.

Basi, na ghadhabu ya Mungu inayotajwa katika Biblia tuifute? Haifutiki, imeandikwa. Ila tuielewe inavyofanya kazi ndani ya upendo. Mama anayemwona mwanawe akimalizwa na gongo hawezi kukaa ametulia, na angekuwa ametulia tungeushuku upendo wake. Anafoka, anamwaga pombe shimoni, anaweza hata kumfungia mlango. Usiku huohuo chakula cha mwanawe kipo kwenye hotpoti mezani.

Daftari la Mangi

Turudi kwenye neno dogo alilolitumia mtoto: "tu". Kwa nini asisamehe tu?

Nilipokuwa nimepanga chumba Mbeya mjini, duka la jirani lilikuwa la Mchaga mmoja ambaye sote tulimwita Mangi, kama wanavyoitwa wenye maduka mtaani. Chini ya kaunta alikuwa na daftari la madeni, kurasa zimelegea kwa kushikwashikwa na mikono yenye unga. Kila mteja wa kukopa alikuwa na ukurasa wake. Ukurasa wa mama mmoja mjane ulikuwa umejaa hadi nyuma: unga kilo mbili, mafuta ya kupima, sabuni ya mche, sukari robo, unga tena. Siku moja mwezi wa kwanza, ada za shule zimembana kila mtu, yule mama alikuja kuomba aongezewe muda. Mangi alifungua daftari, akachukua kalamu, akapiga mstari kutoka pembe hadi pembe, akaandika "imeisha". Akamwambia, "Mama, tumemalizana. Nikupe nini leo?"

Nilikuwa nimesimama pale na mkate wangu mkononi. Nimeufikiria ule mstari mara nyingi. Hela haikuyeyuka pale kalamu ilipopita. Unga ulishaliwa, mafuta yalishapikiwa, na tajiri wa jumla aliyempa Mangi mzigo alikuwa anasubiri hela yake palepale. Mama aliondoka hana deni kwa sababu Mangi alibaki nalo. Hakuna aliyechapwa, hakuna jirani aliyelipishwa kwa nguvu. Aliyedai ndiye aliyeumia.

Kusamehe kokote kwa kweli kuko hivyo. Mtu aliyekuvunjia jina, ukimsamehe, aibu unabaki nayo wewe. Aliyekudhulumu urithi, ukimsamehe, shamba halirudi. Kusamehe ni kukubali kwamba hasara iishie kwako, isitembee tena kumtafuta wa kuiangukia. Kwa hiyo kusamehe hakuna "tu". Kadiri kosa lilivyo kubwa ndivyo msamaha wake unavyomgharimu anayesamehe. Mkristo anapotazama msalaba anaona gharama hiyo imewekwa peupe: Mungu alisamehe, na hivi ndivyo kusamehe kulivyomfika mwilini.

Paulo alilijua daftari. Anawaandikia Wakolosai kwamba Mungu aliifuta "ile hati iliyoandikwa ya kutushitaki", akaigongomea msalabani. Neno la Kigiriki alilolitumia kwa hiyo hati, cheirographon, ndilo lililotumika kwa karatasi ya deni ambayo mdaiwa aliiandika kwa mkono wake mwenyewe kukiri anachodaiwa.

Kukomboa, na nani alilipwa

Maneno mengine yanayotutatiza ni fidia na ukombozi. Siku hizi fidia tunaisikia barabara inapopita shambani kwa mtu: umeharibiwa migomba, unalipwa. Msomaji mwenye masikio hayo anapokutana na Marko 10:45, pale Yesu anaposema alikuja "kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi", anaona picha ya Mungu aliyedhurika akisubiri malipo yake. Lakini lutron, neno lililoko pale kwa Kigiriki, lilikuwa bei ya kumtoa mtumwa au mateka mikononi mwa anayemshikilia.

Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa sana. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo, na moja ya kazi zao za mwanzo ilikuwa kuwanunua watumwa, watoto wengi miongoni mwao, ili wawaachie huru. Waliwakomboa kwa maana ileile ya mtu anayekomboa kitu alichokiweka rehani. Ng'ambo ya pili, Unguja, soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 Sultani Barghash alipotia saini mkataba chini ya shinikizo la Waingereza, na mwaka huohuo Waanglikana wakaanza kujenga kanisa juu ya uwanja ule. Anayeingia leo huonyeshwa duara la marumaru mbele ya altare, na wenyeji wa pale hueleza kwamba hapo ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Padre anapoinua kikombe cha Pasaka mahali pale na kusema "tumekombolewa", neno halielei hewani.

Hata hivyo picha hii ina mpaka wake. Bagamoyo, hela ya ukombozi iliingia mfukoni mwa muuza watu. Je, na msalabani kuna aliyelipwa? Swali hili aliliuliza askofu Gregori wa Nazianzo katika hotuba yake ya Pasaka, karne ya nne. Kama alilipwa Shetani, alisema, ni aibu iliyoje, mnyang'anyi kulipwa ujira mnono namna hiyo kwa unyang'anyi wake. Na kama alilipwa Baba, kwa sababu gani, wakati si Baba aliyekuwa ametufunga? Gregori hakutaka jibu lolote kati ya hayo mawili. Nadhani alikuwa amefika mahali sahihi. Kukombolewa kunatuambia tulikuwa wapi na tuko wapi sasa, na kwamba kutolewa kwetu kulikuwa na gharama. Ukilazimisha picha ikuoneshe risiti, inapasuka.

Biblia yenyewe ilishatoa mfano wa ukombozi usio na risiti. Kabla ya kuwatoa Waisraeli Misri, Mungu alisema: "nami nitawakomboa kwa mkono ulionyoshwa" (Kutoka 6:6). Akawakomboa, na Farao hakulipwa hata ndururu.

Na hapo ndipo jina la sikukuu yetu lilikotoka. Pasaka ni Pesaki ya Wayahudi, usiku ule wa Kutoka 12, mwana-kondoo akachinjwa, damu ikapakwa kwenye miimo ya milango, watu wakala kwa haraka, viatu miguuni, fimbo mkononi. Yesu angeweza kuchagua siku nyingine ya kwenda Yerusalemu. Wayahudi walikuwa nayo Siku ya Upatanisho, iliyohusu dhambi moja kwa moja. Yeye alikwenda wakati wa Pasaka, akaketi mezani na wanafunzi wake, akautwaa mkate wa sikukuu ya kutoka utumwani. Mimi naona alikuwa anatuachia ufunguo: someni kifo changu kama kutoka Misri. Dhambi imo ndani yake, maana dhambi ndiyo Farao mwenyewe, lakini habari kubwa ni watu kutolewa kifungoni.

Uyahudi huo ndio pia unaoifanya tarehe ihamehame. Pasaka ya Kiyahudi hufuata mwezi wa angani, na Mtaguso wa Nikea, kikao kikuu cha maaskofu cha mwaka 325, ulitaka Wakristo wote waisherehekee siku moja; ikakubalika iwe Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake, ndiyo maana huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Waorthodoksi huhesabu kwa kalenda ya zamani, hivyo mara nyingi yao huchelewa. Mwaka 2025 sote tulikutana tarehe 20 Aprili.

Picha nyingine zilikuja kadiri Kanisa lilivyozunguka dunia. Anselmi, askofu mkuu wa Canterbury mwishoni mwa karne ya 11, aliishi katika dunia ya mabwana na watwana, akaeleza msalaba kama heshima ya Bwana iliyorudishwa. Baada yake mwanateolojia Abelardi akasema msalaba ni upendo ulioonyeshwa ili uiwashe mioyo yetu. Warekebishaji wa karne ya 16, na Kalvini alikuwa amesomea sheria, wakatumia picha ya mahakama na hukumu. Wakristo wa kale walipenda zaidi picha ya vita: Kristo ameingia ngomeni mwa mauti na kuibomoa kutoka ndani. Kila moja ina mstari wake katika Biblia. Mitaguso mikuu ya mwanzo iligombana hadi ikatoa tamko juu ya Kristo ni nani, lakini juu ya namna msalaba unavyookoa haikuifunga hata picha moja iwe peke yake. Kosa letu ni kuchukua picha ya mahakama, kuikata vipande, na kumpa mtoto wa miaka tisa kana kwamba ndiyo Injili nzima.

Mungu akipenda

Sasa nije kwenye jambo ambalo Kiswahili kinatuwekea mlangoni, nasi tunaliruka kila siku. Kwetu kupenda na kutaka ni neno moja. Tunaagana tukisema "Mungu akipenda tutaonana". Katika sala tunasema "mapenzi yako yatimizwe". Bustanini Gethsemane, jasho likimtoka, Yesu aliomba: "walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke." Mswahili anaposikia hapo "mapenzi" anasikia atakalo Mungu, na chini yake, hata kama hakukusudia, anasikia upendo wake. Watafsiri walifanya kazi nzuri kuliko pengine walivyojua.

Lakini neno hilohilo tunalibeba hadi msibani. "Ni mapenzi ya Mungu." Na kwenye fulana za msiba, kwenye mashada, kwenye misalaba ya mbao iliyopakwa rangi nyeupe, tunaandika: "Tulikupenda, lakini Mungu amekupenda zaidi." Siwacheki wanaoandika, nimeiandika mimi mwenyewe. Mtu anapokuwa ameishiwa na maneno hushika lililo karibu. Ila lisikilize kwa masikio ya mtoto aliyefiwa. Mungu alimpenda zaidi, kwa hiyo akamwua. Mtoto huyo ataogopa kupendwa.

Wakati Lazaro alipokufa, Yesu alisimama karibu na kaburi la mtu aliyempenda. Yohana anaandika maneno matatu: "Yesu akalia machozi." Waliokuwepo wakasema, "Angalieni jinsi alivyompenda." Hakuwaambia akina Martha na Mariamu kwamba Baba alimpenda Lazaro zaidi ndiyo maana amemtwaa. Alisema, "Liondoeni jiwe." Kisha akapaza sauti, "Lazaro, njoo huku nje."

Paulo anaiita mauti adui, tena adui wa mwisho atakayebatilishwa. Haiiti tarishi wa Mungu. Basi kama yako mapenzi ya Mungu kaburini, yako upande wa kuliondoa jiwe.

Kwa nini Ijumaa haitoshi

Kuna makanisa ya kwetu ambako Ijumaa Kuu hujaa hadi watu wanasimama nje madirishani, na Jumapili viti vinabaki, watu wako majumbani wanachoma nyama. Labda ni kwa sababu msiba tunaujua zaidi kuliko ufufuko. Lakini Paulo hakuacha nafasi ya kuchagua. Aliwaandikia Wakorintho katikati ya miaka ya 50, wakati mashahidi wengi walikuwa wangali hai: "Na kama Kristo hakufufuka, imani yenu ni bure, mngalimo katika dhambi zenu."

Maneno makali, na yana maana yake. Msalaba bila kaburi tupu unabaki kuwa habari ya mtu mwema aliyewapenda watu, Pontio Pilato akamwua, basi. Dunia inazo habari kama hizo nyingi, na kila moja inatufundisha kwamba upendo ni mzuri na kwamba unashindwa. Jumapili ndiyo iliyosema kwamba huyu aliyebeba hasara yote hakuishiwa. Mangi wangu, kwa wema wake wote, angefuta kurasa kumi tu na duka lingefungwa.

Ufufuko huo haukuwa kurudi alikotoka. Lazaro alitoka amefungwa sanda miguu na mikono, ikabidi afunguliwe na watu, na siku moja alikufa tena. Kaburini mwa Yesu sanda zilibaki zimelala, na ile leso ya kichwani imezongwa-zongwa mahali pa peke yake. Alitoka upande wa pili. Habari ikapewa kwanza wanawake, na mitume, Luka hafichi, wakaona maneno yao "kama upuuzi". Anayetunga hadithi ili aaminiwe katika dunia ile asingeanza na mashahidi ambao ushahidi wao haukuhesabiwa.

Na alitoka na makovu. Hili nalishikilia sana. Katika familia zetu kuna neno "yaishe" ambalo hulazimishwa kwa aliyeumizwa, mara nyingi mwanamke, mara nyingi mtoto, ili jina la ukoo lisiharibike; kisha tunaliita msamaha wa Kikristo. Aliyefufuka hakuficha mikono yake. Alimwambia Tomaso alete kidole chake aguse. Msamaha wa Pasaka unaonyesha jeraha, unalitaja, unamtazama aliyelitia.

Makaa ya moto

Kama ningekuwa na nafasi ya kumwonyesha mtu mahali pamoja tu pa kuuona upendo huu, ningempeleka ufukweni, Yohana sura ya 21.

Ili uelewe, anza sura ya 18. Ni usiku, Yesu amekamatwa, Petro yuko uani kwa kuhani mkuu. Kuna baridi, watumishi wamewasha moto wa makaa, naye amesimama nao anaota. Hapo, uso wake ukimulikwa na makaa, anaulizwa mara tatu kama anamjua Yesu, na mara tatu anakana. Jogoo anawika.

Siku kadhaa baada ya Pasaka wanafunzi saba wamerudi kuvua. Usiku mzima hawakupata kitu. Alfajiri mtu mmoja pwani anawaambia watupe jarife upande wa kuume, linajaa samaki wakubwa 153, na Petro anajitosa majini kumfuata. Anapotoka maji yakimdondoka, anakuta nini? "Waliona huko moto wa makaa, na juu yake pametiwa samaki, na mkate." Neno la Kigiriki la moto huo, anthrakia, limo mara mbili tu katika Agano Jipya lote: uani kwa kuhani mkuu, na hapa.

Kila aliyepikia mkaa anajua harufu yake inavyokumbusha mambo. Petro alisimama tena kwenye harufu ileile. Mfufuka angeweza kukutana naye penginepo, mlimani, hekaluni, mahali ambapo hapakumbushi lolote. Alimwashia moto mahali pa kidonda, lakini kwanza akampa kifungua kinywa. "Njoni mfungue kinywa," ndivyo alivyosema. Baada ya kula ndipo akauliza, "Simoni wa Yohana, je! Wewe wanipenda?" Mara tatu, kwa mara zilezile tatu. Mara ya tatu Petro akahuzunika, maana alijua hesabu inayofanywa. Na kila alipojibu, hakusomewa mashtaka. Alipewa kazi: lisha, chunga, lisha.

Wafafanuzi hubishana kwamba Yesu alitumia kwanza agapao kisha fileo, maneno mawili ya Kigiriki ya kupenda, na Kiswahili kimeweka "kupenda" pote. Sioni kama tumepoteza kitu kikubwa. Jambo lenyewe liko kwenye makaa.

Alfajiri makaburini

Mwaka juzi Pasaka ilinikuta nyumbani, Tukuyu. Sisi Wamoraviani tuna desturi ya kwenda makaburini kabla jua halijachomoza siku ya Pasaka. Ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na wamisionari wa kanisa hilo walifika Rungwe mwaka 1891. Jumamosi watu hufyeka majani, hupanga mawe upya, wengine hupaka chokaa. Saa kumi na moja asubuhi tukashuka na tochi, ukungu mzito, matope ya masika yakivuta kandambili, matarumbeta mbele. Yule binti sasa yuko kidato cha kwanza, ananizidi urefu.

Tukasimama kwenye kaburi la mama yangu, bibi yake. Mchungaji akatangaza kwamba Bwana amefufuka, nasi tukaitikia, na sauti ikaenda hadi migombani ikarudi. Binti alikuwa amemulika msalaba kwa tochi, anasoma maneno niliyoyaandikisha mimi: Tulikupenda, lakini Mungu amekupenda zaidi.

"Shangazi," akasema, "hii nilikuwa siipendi."

"Na sasa?"

Alifikiri. Kwaya ilikuwa imeanza ubeti wa pili. "Kama anampenda zaidi, basi atamwita. Si alimwita Lazaro kwa jina? Na Mariamu pale bustanini, hakumtambua mpaka alipoitwa jina."

Nikamwambia ndiyo, na Petro pia, kwa jina na la baba yake. Akaisogeza tochi juu kidogo, akasoma jina la bibi yake lote, la ubatizo na la ukoo, taratibu, kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili.